Vikombe viwili

Machi 2011 barabara ya vumbi na tope iendayo kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro, ilijaa magari yaliyopanga foleni ya kilomita nyingi. Watu walilala humo siku kadhaa, wengine wakiwa na wagonjwa waliowatoa wodini, na wapo waliofia njiani. Mwisho wa foleni alikuwapo Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo. Alisema Mungu amemwonyesha ndotoni mti wa kuchemshwa ukawa dawa. Kikombe kimoja kwa shilingi 500: kisukari, presha, pumu, kansa, UKIMWI. Unakunywa mara moja tu, unarudi nyumbani.

Shangazi yangu alikwenda. Alikuwa na kisukari cha kuchoma insulini asubuhi na jioni. Friji hakuwa nayo, hivyo chupa zake alizifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzitumbukiza katika mtungi wa maji pale pembeni ya mlango, zipate ubaridi. Aliporudi kutoka Samunge, mtungi ule ukawa wa maji ya kunywa tu. Wenzake wa jumuiya walimwambia kwamba kuchoma sindano baada ya kikombe ni kumwambia Mungu humwamini. Wiki ya tatu tulimkuta ameanguka jikoni, midomo imemkauka, anahema kama aliyetoka mbioni. Hospitali walimwahi. Baadaye mwaka huohuo alikatwa vidole viwili vya mguu.

Kisa cha namna hii ndicho wanachokishika wanaosema kwamba kumwachia Mungu maisha yako ni hatari, na siwezi kuwaambia wamekosea. Mwaka ule wapo waliotupa dawa za kufubaza virusi, dawa zilizokuwa zinatolewa bure. Ukiziacha, virusi huzaliana upya, na vinaweza kujenga usugu hata ukirudi kwenye dawa zilezile zisikufae. Hoja yao nyingine ni nzito zaidi: mtu aliyezoea kusema “Mungu anajua” hujifunza kutouliza. Hataki kujua kwa nini zahanati haina vipimo, wala fedha za kisima zimekwenda wapi. Kila kitu kinakuwa mapenzi ya Mungu, hata uzembe wa mtu mwenye jina na ofisi.

Upande wa pili nao una yake, na nadhani husikilizwa kwa haraka mno. Mwanadamu hajawahi kuwa na usukani anaodhani anao. Mkulima wa Dodoma au Singida anayepanda mbegu kwenye udongo mkavu kabla tone la kwanza halijadondoka analijua hili kuliko msomi yeyote. Jembe ni lake, mbegu ni yake, siku ya kupanda ameichagua mwenyewe. Mvua si yake. Asipoweza kuikabidhi hiyo mvua kwa mwenye nayo, hatalala usiku hata mmoja kuanzia Novemba hadi mavuno. Amani anayopata si uvivu. Bila hiyo asingethubutu hata kufukia mbegu.

Nikiutazama ugomvi huu kwa jicho la Loliondo, naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Wote wanadhani waliokwenda Samunge walikuwa wamemwachia Mungu. Mimi nakataa. Shangazi alifunga safari ya siku tatu kutafuta jibu moja alilokwisha kulichagua, kwa bei inayojulikana, na kwa masharti yaliyokwisha kupangwa. Alipoacha sindano ili kuonyesha imani, alikuwa anamweka Mungu mahali ambapo asingekuwa na budi kumponya. Huko si kuachilia usukani. Ni kuukamata kwa mikono miwili na kumkalisha Mungu kiti cha abiria.

Jambo hili lina historia ndefu. Injili ya Mathayo inasimulia Shetani akimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, kwa kuwa imeandikwa malaika watamdaka. Andiko lilikuwa la kweli, na ahadi ilikuwa ya kweli. Yesu alikataa kwa sababu kuruka kungekuwa kumjaribu Mungu. Najiuliza ni wahubiri wangapi leo wangempigia makofi kama angeruka. Hata ule mstari wa Mithali unaotumiwa kuwazuia watu wasiende hospitali, “wala usizitegemee akili zako mwenyewe”, unasema usizitegemee. Hausemi usizitumie.

Waislamu nao wana neno lao, tawakuli, na Kurani katika sura ya Aal Imran inaliweka kwa mpangilio ambao nimeupenda tangu nilipoelezwa na jirani yangu: shauriana nao katika mambo, na ukishaazimia, mtegemee Mwenyezi Mungu. Ushauri kwanza, azimio linafuata, tegemeo linakuja nyuma yao.

Lakini hapo pia nasita. Wengi wakifika hapo hufunga mjadala: fanya sehemu yako, Mungu atafanya yake. Kauli hii inatosha kwa mkulima. Haimtoshi mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hakuna tena la kufanya, ambaye sehemu yake imekwisha. Kwa huyo kuna kikombe cha pili, kile cha mateso, cha Yesu bustanini Gethsemane usiku kabla ya kusulubiwa. Yesu aliomba kimwepuke, aliomba waziwazi kwamba hakitaki, kisha akasema, “si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe.” Kikombe hakikumwepuka. Hapo ndipo ninapoona maana halisi ya kukabidhi maisha: unasema unachokitaka bila kukificha, halafu unaachia jibu, hata jibu likiwa hapana. Kikombe cha Samunge kiliahidi ndiyo. Ndiyo maana foleni yake ilikuwa ndefu, na ndiyo maana naona vigumu kuwalaumu waliokaa ndani yake. Nani hataki ndiyo?

Wa kulaumiwa kwangu ni wale waliosimama nje ya foleni wakiwaambia wengine waachie. “Mwachie Mungu” likitoka kinywani mwa aliyebeba mzigo, laweza kuwa imani kubwa kabisa. Likitoka kwa shemeji aliyechukua shamba la mjane, au kwa mzee wa kanisa anayemrudisha mke kwa mume anayempiga, ni njia ya kumnyamazisha mtu kwa jina takatifu. Wale wenzake shangazi hawakuwa na kisukari hata mmoja. Walikuwa wakarimu kwa imani ambayo mwenzao ndiye aliyeilipia kwa mwili wake.

Babu alifariki Julai 2021. Shangazi bado yupo, na bado anasali kuliko sisi sote. Asubuhi nikilala kwake humsikia akiinua kifuniko cha mtungi, kifuniko cha bati, halafu kimya kidogo anapopima na kujichoma. Siku moja nilimuuliza kama ameacha kuomba kupona. Alikuwa anafunga kitambaa kwenye ule mguu.

“Naomba kila siku, mwanangu,” alisema. “Ila tarehe simwekei tena.”

Akaniomba nimsogezee viatu.