Dewey hakusema watoto waachiwe tu

Kuna makala inayodai kwamba kwa John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, elimu ni kuwaacha watoto wafanye wapendavyo. Sivyo kabisa. Katika shule yake ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Chicago, iliyofunguliwa 1896, watoto walipewa pamba mbichi na sufu. Kundi moja lilichambua pamba kwa vidole, kutenga nyuzi na mbegu, dakika 30, likapata nyuzi chini ya wakia moja, yaani hata gramu 28 hazikufika! Hapo wakaelewa kwa nini zamani sufu ilitumika zaidi. Wakalinganisha nyuzi: za pamba fupi na laini, za sufu ndefu na zenye kukwaruza, hivyo hushikana zinaposokotwa. Vifaa hivyo havikuokotwa ovyo, mwalimu alivichagua.

Kinachoharibu kujifunza kwa "vitendo" madarasani ni kuanza na kazi ya mikono bila tatizo lolote: karatasi ya manila inakatwa, inabandikwa, kengele inalia. Dewey mwaka 1910 alitaja hatua tano: kukwama, kulibainisha tatizo, kubuni jibu, kupima kwa hoja jibu hilo litazaa nini, kisha kujaribu. Ya nne ndiyo hurukwa. Mwulize mwanafunzi, "Ukiwa sahihi, tutaona nini?" naye aandike kabla hajagusa kifaa.