Ukija Berlin, ulizia anwani kwanza

Mara kwa mara watu wananiandikia kutoka nyumbani wakitaka kujua maisha ya Berlin. Maswali ni yale yale: baridi ikoje, mshahara unabaki kiasi gani, Kijerumani kinashikika? Ni maswali ya haki na nayajibu yote. Lakini swali linaloamua kama utaanza kwa utulivu au kwa kuhangaika, karibu hakuna anayeliuliza: nitakaa wapi, na mwenye nyumba atakubali niandikishwe kwake?

Sheria ya Ujerumani inakupa wiki mbili tangu uhamie kwenye nyumba, uwe umejiandikisha serikalini. Wenyewe wanaita Anmeldung. Unapeleka karatasi yenye saini ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi hapo. Karatasi hiyo ikikosekana, hupati namba ya mlipakodi, na bila namba hiyo mwajiri anaweza kukukata kodi ya mshahara kwa kiwango cha juu kabisa. Ukienda kushughulikia kibali cha ukaazi, anwani ni ile ile inayotakiwa.

Na hiyo namba ya mlipakodi haiji kwa simu, inaletwa na posta. Hapa wengi wanakwama. Majengo mengi ya Berlin hayana namba za vyumba. Simama mlangoni pa ghorofa la zamani kule mitaa ya Wedding au Neukölln: utaona safu za kengele, kila moja na jina la ukoo. Schmidt, Yılmaz, Nguyen, jingine limeandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha plasta. Tarishi anatafuta jina. Asipoliona lako kwenye kisanduku, barua inarudi ilikotoka, nawe unaendelea kusubiri ukidhani ofisi imekusahau. Kabla hata hujafungua begi, bandika jina lako, na kama unaishi kwa mtu, mwombe liwekwe pembeni ya lake.

Shida ni kuipata hiyo nyumba. Wenye nyumba wanapenda kuona hati za mshahara za miezi mitatu pamoja na taarifa ya Schufa inayoonyesha kama unalipa madeni yako. Aliyeshuka kwenye ndege juzi atazitoa wapi? Matokeo yake anapanga chumba kwa mtu ambaye naye amepanga, na mara nyingi anaambiwa: kaa, ila usijiandikishe. Chumba cha namna hiyo mimi nasema kikimbie, hata kiwe rahisi namna gani. Dhamana unayomwekea mwenye nyumba nayo ina mpaka wake kisheria: haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na kupasha joto, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Anayekwambia yuko nje ya nchi, utume pesa kwanza na ufunguo utakuja kwa posta, huyo ni tapeli.

Linaloniuma zaidi ni sisi kwa sisi. Wapo wenzetu wanaowauzia wageni anwani: unalipa, jina lako linaandikwa kwenye nyumba usiyolala hata siku moja. Ni kosa kisheria, na mwenye kuuza analijua hilo vizuri kuliko anayenunua. Ndugu anapofika hana pa kuanzia, halafu wa kwanza kumkamua ni yule anayemsalimia kwa Kiswahili. Hapana. Mwenye chumba cha ziada na amkaribishe mtu kihalali, ampe saini yake, wagawane kodi.

Milango imefunguka kuliko zamani. Juni 2024 Ujerumani ilianza kutoa Chancenkarte, kibali cha kuja kutafuta kazi, na tarehe 13 Septemba mwaka huo huo Kenya ilitia saini makubaliano ya uhamiaji na Ujerumani hapa Berlin, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo. Nimefurahi kwa dhati. Vijana wetu wanastahili nafasi hizi. Ila nasikia mawakala wakieleza kirefu habari za mshahara na viza, wakifika kwenye nyumba wanasema tu "utapata ukifika". Berlin ya sasa, nyumba huipati kirahisi hivyo. Kama umeahidiwa kazi, mwandikie mwajiri kabla hujakata tiketi, muulize wiki za mwanzo utalala wapi na nani atasaini karatasi yako ya anwani, na akujibu kwa maandishi. Mimi nisingepanda ndege bila jibu hilo.