Kigoma, bei ya nguo iangalie kwenye mwezi

Kila sikukuu ikikaribia, maduka ya nguo ya mjini kwetu hubandika karatasi za punguzo milangoni. Ukianza stesheni ya reli ukapanda na Barabara ya Lumumba mpaka Mwanga, utazisoma njia nzima. Wazazi nao hujazana humo kumi la mwisho la Ramadhani, au siku mbili tatu kabla ya Krismasi, wakiamini wamewahi nafuu. Mimi naamini hizo ndizo siku za bei mbaya kuliko zote katika mwaka. Nafuu ya kweli ya nguo Kigoma ipo, huja karibu kila mwezi, na haibandikwi mlangoni. Anayeitaka atoke nje usiku aangalie juu.

Fedha ya mji huu inatoka ziwani, hilo halina ubishi. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukishakuwa mpevu, maji yote yanang'aa, samaki hawana sababu ya kuifuata taa ya mvuvi, na vyombo vingi hupumzika. Nenda Kibirizi au Katonga siku hizo, utawakuta vijana wanashona nyavu. Wasipoingia majini, anayeanika dagaa hana cha kuanika, mbebaji hana cha kubeba, mama ntilie anapunguza kilo za mchele, na bodaboda anazunguka bila abiria. Siku chache baadaye ukimya huo unafika mpaka kwenye kaunta ya muuza magauni. Anafungua saa mbili asubuhi, adhuhuri inafika hajauza hata soksi.

Hapo ndipo pa kwenda kununua. Muuzaji yule yule ambaye wiki mbili nyuma, kukiwa na giza na fedha imejaa mtaani, hakutaka hata kukujibu ulipoomba akupunguzie elfu mbili, sasa anakuita kutoka ng'ambo ya barabara. Nguo haijabadilika. Kilichobadilika ni mfuko wa mji.

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, jambo hili tuliliona kwa ukubwa wake. Idd ya kuchinja ya mwaka ule ikaangukia Juni, ziwa likiwa bado limefungwa. Aliyekuwa mjini miezi hiyo hahitaji kuelezwa na mtu jinsi fedha ya samaki inavyoshikilia maduka ambayo hayauzi samaki.

Sasa tazama sikukuu zetu zinavyokaa na mwezi. Idd el-Fitri huja mwezi ukiandama, maana yake usiku ni wa giza, vyombo viko majini, fedha inatembea, na kila mtoto wa Kiislamu anadai nguo mpya. Mambo mawili ya kupandisha bei yamekutana siku moja, na yatakutana hivyo kila mwaka, kwa sababu kalenda yenyewe ndivyo ilivyo. Kwa hiyo sioni sababu ya kutafuta nguo ya bei nafuu mkesha wa Idd el-Fitri hapa Kigoma. Subiri siku kumi na mbili au kumi na nne. Mfungo mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, ukifika katikati, mbalamwezi imetoka, wavuvi wamepumzika, na duka lina vijigauni na kanzu za watoto zilizokusudiwa sikukuu iliyokwisha pita. Mzigo umedoda. Mwenye duka anaukodolea macho na anajua kwamba kila siku unavyokaa, vumbi linaingia na mtindo unapitwa.

Pasaka iko tofauti. Jumapili ya Pasaka huwekwa baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo Wakristo wa Kigoma hununua nguo za Pasaka mji ukiwa mkavu. Aliye na akiba siku hizo ana nguvu ya kuzungumza bei ambayo mwenzake wa Idd el-Fitri hana. Idd ya kuchinja, tarehe kumi ya mfungo tatu, nayo inakaribia mbalamwezi. Krismasi peke yake ndiyo haifuati mwezi, hivyo kila mwaka ina hali yake. Ya mwaka 2025 ilikuja siku tano tu baada ya mwezi mwandamo wa 20 Desemba. Ya 2026 itaukuta mwezi mpevu, tarehe 24 Desemba.

Utauliza: na mzazi anayetaka mtoto wake avae nguo mpya siku yenyewe ya Idd, huyu asubiri wiki mbili? Hapana, na sitamwambia hivyo mtu yeyote. Siku ya Idd mtoto kuvaa nguo mpya ni furaha isiyoahirishwa. Huyu anunue mapema, na mapema ninayoisema ni mbalamwezi ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani. Hapa inabidi umjue mfanyabiashara anavyoishi.

Nguo nyingi mpya za Kigoma zinatoka Kariakoo. Kabla ya Ramadhani mwenye duka anajiandaa kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo wa sikukuu, na anahitaji mtaji mkononi. Mtaji wake umekaa kwenye henga: umegeuka suruali, blauzi na mashati ya msimu uliopita. Akipata mtu wa kumgeuzia hizo ziwe fedha, hata kwa faida ndogo kabisa, anamshukuru. Ndiyo maana wiki mbili tatu kabla ya safari yake bei hulegea, na karatasi ya punguzo haipo mlangoni, kwa kuwa anaona haya kuonekana anauza kwa shida. Kuna wengine wamechukua mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baadaye, kwa wenye maduka makubwa, na tarehe ya kurudisha fedha inawangojea. Muulize tu kwa heshima, "Unafuata mzigo lini?" Jibu lake litakuambia kuhusu bei kuliko bango lolote. Desemba ni vivyo hivyo: safari nyingi za Kariakoo hufanyika mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo katikati ya Novemba ndipo pa kuingia dukani.

Na Januari, jamani, tuiangalie kwa jicho jingine. Sote tunailalamikia kwa sababu ya ada, madaftari na sare. Lakini kwa kuwa kila mzazi amebanwa na sare, nguo nyingine zote hazina mnunuzi. Gauni la Krismasi lililobaki dukani tarehe 10 Januari linatafuta kwa kwenda. Mwenye kudunduliza elfu tano tano tangu Oktoba kwenye kibubu akaja nazo siku hiyo, ananunua nguo ya Pasaka kwa bei ambayo aliyenunua Desemba hataiamini.

Hizi karatasi za punguzo zenyewe sizipingi zote. Wapo wanaopunguza kweli. Ninachopinga ni bei inayopandishwa kwanza ili ishushwe mbele yako. Shati limeandikwa 40,000, limekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni 28,000, punguzo la asilimia 30. Vuka barabara: shati hilo hilo ni 25,000 na hakuna aliyelikata kwa kalamu. Ufaransa serikali hupanga vipindi vya punguzo la msimu mara mbili kwa mwaka, na duka haliruhusiwi kutumia jina hilo nje ya vipindi hivyo. Sisi hatuna utaratibu wa namna hiyo, ila Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na ningependa tuitumie zaidi ya tunavyoitumia. Hadi siku hiyo ifike, kinga yako ni kujua bei ya kawaida. Pita madukani mwezi mmoja kabla, uliza, andika kwenye simu. Na ukiona neno "hadi" kwenye "hadi asilimia 50", jua kuna nguo mbili pembeni zenye hiyo hamsini, zilizobaki zina kumi.

Kwenye kupatana, watu wa huku hatuhitaji mwalimu. Ujiji ilikuwa ikipokea vitambaa vya merikani na kaniki kama fedha tangu zama za misafara ya karne ya 19. Lakini naona vijana wengi wanaingia kwa ubabe, wanataja nusu ya bei kabla hata ya salamu. Haifai. Kama ni mtu mzima, anza na "Shikamoo mama." Shika nguo, igeuze, uliza za saizi nyingine. Kisha:

"Hii unaniachiaje?"

"Elfu ishirini na tano, mwanangu."

"Mama, nikichukua na hii ya mdogo wake?"

"Zote mbili nipe arobaini na mbili."

Hapo umeshuka elfu nane bila kugombana, ikiwa zote mbili zilikuwa bei moja. Nguo mbili kwa mpigo zinamlegeza muuzaji kuliko maneno mia, hasa wakati wa mbalamwezi. Nenda na fedha taslimu. Ukilipa kwa simu atakuambia uweke na ya kutolea, na elfu moja uliyoipigania dakika kumi inarudi ilikotoka. Nenda asubuhi, kabla hajauza: wengi hawapendi kumwachia mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu.

Vitenge vina hesabu yao. Kigoma inajulikana kwa vitenge vinavyovuka kutoka Kongo, na watu wanatoka mikoani kuvifuata. Hapa usidanganywe na bei ndogo. Geuza kitambaa: wax nzuri, rangi imekolea pande zote mbili, kama upande wa nyuma umepauka, ni chapa ya juu juu na kufua mara chache kutakuonyesha. Lowanisha kidole usugue pembeni uone kama rangi inatoka. Hakikisha pisi imetimia yadi sita, ikunjuliwe mbele yako. Pisi nzima ukigawana na ndugu au jirani, kila mmoja akapata yadi tatu za gauni, mnalipa pungufu kuliko kila mtu kununua kipande chake. Na fundi mpe kazi nje ya msimu, maana wiki ya sikukuu hata fundi mpole hupandisha ushonaji, kisha anakupa gauni lako usiku wa manane pindo likiwa halijamalizwa.

Mitumba nitaigusa kidogo. Siku belo linafunguliwa nguo ni nzuri na bei iko juu. Siku ya tatu bei imeshuka na mazuri yameondoka. Nguo za watoto wadogo nanunua siku ya kwanza, kwa sababu zilizo nzima huisha upesi. Makoti na sweta nangoja Oktoba, baridi ya Juni na Julai ya wenzetu wa Kasulu na Buhigwe ikiwa imepita. Kagua kwapa, zipu, mshono wa katikati ya miguu na kola. Kwa mtoto tafuta yenye upindo mpana, uweze kuuachia mwaka ujao.

Kuna jambo moja linaniuma na lazima niliseme. Haya yote ya kungoja muuzaji abanwe nayasema juu ya mwenye duka, mwenye mzigo uliododa na uwezo wa kuuza kesho. Siyasemi juu ya mama aliyetandika turubai Mwanga akiwa na nguo ishirini, mwenye marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kesho asubuhi. Huyu mbalamwezi inambana hata chakula cha wanawe. Nimesikia watu wakijisifu kwamba walimkuta mmoja jioni, akiwa na shida, wakachukua gauni la elfu nane kwa elfu mbili. Huko sikuoni kama kujua kununua. Kwa mtu wa turubai, uliza bei, omba upunguziwe kiasi cha kawaida, akikuambia "hapo ndipo nilipoinunua" na uso unaonyesha hivyo, lipa. Elfu moja unayomwachia unaweza kuifidia kwa kupatana na mwenye duka la Lumumba katikati ya Mfungo mosi.

Kwa wanaoanza kupanga Krismasi ya 2026, mwezi utaandama karibu na 9 Desemba, kwa hiyo fedha ya giza itakuwepo mtaani wiki ya pili na ya tatu, na maduka yatakaza bei. Kuanzia tarehe 21 hivi vyombo vitaanza kupumzika, lakini wafanyakazi watakuwa wameshapata mishahara ya Desemba, hivyo sitarajii bei ianguke kabla ya sikukuu. Katikati ya Novemba inabaki salama zaidi. Viatu vya watoto nunueni mwisho kabisa, miguu yao haingoji kalenda ya mtu.