Mkaguzi Mmoja, Wafanyakazi 40,000

Idara ya Kazi hulaumiwa na pande zote mbili. Waajiri huuliza: ikiwa sisi na chama cha wafanyakazi tumeshasaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kuhusu mishahara na masharti ya kazi, serikali inatafuta nini hapa? Wafanyakazi nao husema malalamiko yao yanafia kwenye mafaili.

Hoja ya waajiri ina uzito. Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unahimiza majadiliano ya hiari. Lakini asiye na chama wala mkataba wa maandishi atajadiliana na nani? Huyo tegemeo lake ni mkaguzi wa kazi, afisa wa Idara anayeangalia kama sheria za kazi zinafuatwa.

Mtazame mkaguzi kazini. Mtu amelalamika halipwi muda wa ziada. Mkataba Na. 81 wa Shirika hilohilo, wa 1947, unamruhusu mkaguzi kuingia bila taarifa, hata usiku, na unamkataza kumdokeza mwajiri kwamba ameitwa na malalamiko. Basi hataji jina la mtu. Anaomba daftari zima la mishahara, anapitisha kidole mstari kwa mstari, mpaka anakuta sahihi kumi zenye mwandiko mmoja. Aliyelalamika yuko palepale kwenye mashine yake, hajulikani. Angekwenda mahakamani, jina lake lingekuwa juu ya hati ya madai.

Sasa tupige hesabu. Kigezo cha Shirika hilo kwa nchi maskini zaidi ni mkaguzi 1 kwa wafanyakazi 40,000. Kwa nchi tajiri za viwanda, 1 kwa 10,000. Tuchukue wale 40,000, na tuseme kila sehemu ya kazi ina watu 20: hizo ni sehemu 2,000. Akikagua moja kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atazimaliza baada ya miaka 8. Hapo hajaugua, hajaenda likizo, wala hajarudi popote kuona kama agizo lake limetekelezwa. Akiitwa pia kusuluhisha migomo, miaka inazidi, ingawa Pendekezo Na. 81 la Shirika hilo, linaloandamana na Mkataba Na. 81, linasema wakaguzi wasifanywe wasuluhishi.

Rushwa nayo ipo, na wanaoilalamikia wana haki. Ila Mkataba uleule Na. 81 unataka mkaguzi awe na ajira isiyoyumbishwa na mabadiliko ya serikali, ofisi yenye vifaa, na usafiri. Anayelazimika kuomba gari la mwajiri ili akamkague huyohuyo mwajiri, atakapofika atakuta daftari jipya mezani.