Nyangumi Kifuani, Plastiki Kwenye Uzi

Miongoni mwa wanaobuni na kufuma sweta za watoto zenye sura ya bahari kuna mvutano kuhusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni uzi. Upande mmoja unaamini kwamba picha yenyewe ndiyo kazi: mtoto aliyevaa kasa kifuani atauliza jina la mnyama huyo, na atakua akimjali. Upande wa pili unasema kwamba sweta ya akriliki haiwezi kuitetea bahari, kwa kuwa akriliki ni plastiki, na kila inapofuliwa hupukutisha nyuzinyuzi zisizooza. Hawa wa pili hushutumiwa kuwa ni watu wenye fedha za sufu wanaowahukumu wasio nazo. Kwa maoni yangu, hawajasikilizwa vya kutosha.

Nakiri kwamba akriliki ina sifa zake. Bei yake ni nafuu, rangi zake hazichujuki upesi, haimwashi mtoto shingoni, na hustahimili kufuliwa bila kurudi. Sufu ikisuguliwa katika maji ya moto hurudi na kugandamana hadi haivaliki. Hata ile sufu inayouzwa kuwa haina shida kufuliwa kwa mashine, kwa kawaida imepitishwa kwenye klorini na kupakwa utando mwembamba wa plastiki, kwa hiyo anayeikimbia plastiki huenda ameibeba nyumbani bila kujua.

Lakini iko hesabu moja ambayo siwezi kuiacha. Mwaka 2016, watafiti Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa mara moja kwa mashine zinaweza kutoa nyuzinyuzi zaidi ya 700,000. Za poliesta, ambayo nayo ni plastiki, karibu 500,000. Na za pamba iliyochanganywa na poliesta takriban 138,000. Tuchukue sweta ya mtoto yenye uzito wa gramu 180. Fungu lake katika hesabu hiyo ni nyuzinyuzi kama 21,000 kwa kufuliwa mara moja, na ikifuliwa kila wiki kwa miezi mitatu ya baridi, jumla hupita robo milioni. Ni kweli kwamba kipimo hicho ni cha mashine, na wengi wetu tunafulia kwenye karai, hivyo hatuwezi kukihamisha kilivyo. Hata hivyo, maji ya mashine katika miji yenye mitambo ya kusafishia majitaka huchujwa, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo hunaswa humo, ilhali maji ya karai humwagwa mtaroni. Mtaro wa Nairobi huishia katika mto, mto huingia Athi, Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Miezi ya baridi ya Nairobi, ambayo ndiyo miezi ya sweta, inakaribiana na ile ambayo nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya.

Wanaotetea akriliki wana jibu zito. Mwaka 2020, Giuseppe Suaria na wenzake walichapisha uchunguzi wa sampuli 916 za maji ya bahari, wakakuta kwamba ni asilimia 8.2 tu ya nyuzinyuzi zilizomo zilizokuwa za plastiki. Nyingi zilikuwa za pamba na mimea mingine, na asilimia 12.3 zilitokana na wanyama, sufu ikiwemo. Hoja hii lazima ikubaliwe: kubadilisha uzi peke yake hakutoshi. Lakini haiihalalishi akriliki. Inachofanya ni kuhamisha swali, kutoka aina ya uzi hadi idadi ya nguo tunazofuma na mara tunazozifua, na hapo ndipo watu wa sufu wana nguvu wasiyoitangaza. Sweta ya sufu ikianikwa penye upepo usiku mmoja hupoteza harufu, haina haja ya karai kila Jumamosi.

Tena waliwahi kuwapo wafumaji walioijua bahari kuliko sisi. Katika vijiji vya wavuvi vya Uingereza, sweta ziitwazo gansey zilifumwa kwa sufu ya rangi moja iliyokazwa sana. Michoro ya kamba, ngazi na mawimbi ilijitokeza kwa mpangilio wa mafundo tu, bila uzi wa pili. Kwapani palitiwa kikwapa, kama kile cha kanzu, ili mkono unyanyuke bila kuchana nguo. Mikono ilianzwa begani ikashuka hadi kiganjani, kwa hiyo ncha ikichakaa iliweza kufumuliwa na kufumwa upya.

Igeuze ndani nje sweta yenye pweza wa rangi mbili, utaona nyuzi zinazoning'inia nyuma ya kila mkono wake. Vidole vya mtoto hunasa humo kila anapovishwa, uzi huvutika, na pweza hukunjamana kabla ya mwaka kuisha. Gansey haina cha kunasa. Mtoto akirefuka, mama huokota mafundo ya ncha ya mkono, huongeza uzi sentimita nne, na sweta huanza mwaka wake wa pili.