Mpiga Kura wa Missouri na Picha Tuliyombandika

Tarehe 5 Novemba 2024 wapiga kura wa Missouri, jimbo lililo katikati ya Marekani, walipewa karatasi yenye mambo mengi. Kwenye urais walimpa Donald Trump zaidi ya asilimia 58. Kwenye useneta walimrudisha Josh Hawley, mhafidhina asiyeficha uhafidhina wake. Katika uchaguzi huohuo waliulizwa kama kima cha chini cha mshahara kipandishwe hadi dola 15 kwa saa, na kama mwajiri alazimishwe kumpa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi. Karibu asilimia 58 wakasema ndiyo. Wakaulizwa pia kama haki ya kutoa mimba iingizwe kwenye katiba ya jimbo. Karibu asilimia 52 wakasema ndiyo.

Mambo yote hayo chama cha Democratic kimeyapigia debe kwa miaka. Chama chenyewe, kwenye kura ya urais, kiliambulia asilimia 40.

Kuna maelezo mawili ya haraka ya matokeo hayo. Waliberali wengi watakwambia mtu wa Missouri hajui masilahi yake: kalishwa propaganda na televisheni, anachagua watu wanaomnyima mkate. Wahafidhina wenye sauti kubwa nao watakwambia kampeni za kura za maamuzi zilijazwa pesa kutoka nje ya jimbo, wananchi wakarubuniwa na maneno matamu. Maelezo yote mawili yanamfanya mpiga kura kuwa zuzu. Wanachobishania ni kwenye kisanduku kipi aliteleza.

Mimi sidhani aliteleza popote, na hesabu inanisaidia. Tuseme kila aliyempigia Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, aliunga mkono likizo ya ugonjwa, na wale wachache wa vyama vidogo nao wakaunga mkono wote. Bado kura za ndiyo hazitoshi. Pengo lililobaki linaweza kuzibwa na watu wa Trump pekee, na ukiligawa utaona kwamba angalau robo yao walisema ndiyo. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa sababu hakuna chama ambacho wafuasi wake wote hupiga kura kwa namna moja. Tunazungumzia mamia ya maelfu ya watu, ndani ya jimbo moja, walioweka alama kwa Trump kisha wakaweka alama kwa jambo ambalo chama cha Trump kililipinga.

Wala haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Mwaka 2017 bunge la Missouri, lililo mikononi mwa Republican, chama cha Trump, lilipitisha sheria ya kudhoofisha vyama vya wafanyakazi. Agosti 2018 wananchi wakaipigia kura na kuifuta kwa asilimia 67. Miezi mitatu baadaye walipandisha kima cha chini cha mshahara, na siku hiyohiyo wakamwondoa seneta wa Democratic, Claire McCaskill, wakamweka Hawley. Agosti 2020 walipanua bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, Medicaid, jambo ambalo wabunge wao walilikwepa kwa miaka. Novemba wakampa Trump ushindi mwingine mkubwa. Jambo likijirudia hivyo, halielezeki tena kwa kusema watu walichanganyikiwa.

Ninavyoona, mtu huyu anajibu maswali mawili tofauti. Swali la likizo ya ugonjwa linahusu likizo ya ugonjwa: mtoto akiwa na homa, nikae naye au nikose mshahara wa siku? Swali la chama linahusu nani yuko upande wangu, nani ananiheshimu, nani ananicheka nikipa kisogo. Kwenye hilo la pili Wademocrat wamejiharibia wenyewe. Aprili 2008, kwenye mkutano wa kuchangisha fedha San Francisco, Barack Obama aliwaeleza matajiri wa jiji hilo kwamba watu wa miji midogo iliyopoteza kazi wamekata tamaa, ndiyo maana wanang'ang'ania bunduki na dini. Septemba 2016 Hillary Clinton alisema nusu ya wafuasi wa Trump wanaingia kwenye kapu la watu wa kusikitisha. Mtu anayekwenda kanisani kila Jumapili, aliyefunzwa kulenga shabaha na baba yake, hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Baada ya hapo mlete na ilani nzuri kiasi gani ya afya, ataisoma na kuikubali kisha atampigia mwingine.

Upande wa pili nao una makapu yake. Mwaka 2012 Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, akiwa faragha na wafadhili, alisema asilimia 47 ya Wamarekani watampigia Obama liwalo na liwe kwa kuwa wanategemea serikali na wanajiona wahanga. Ndani ya asilimia hiyo walikuwamo wastaafu wengi waliokuwa wakimpigia yeye Romney.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko mwingine wowote katika mjadala huu, kwa sababu hauulizi nani anamchukia nani. Unauliza tu: wenzako ni kina nani? Douglas Ahler na Gaurav Sood, wanasayansi wa siasa, waliuchapisha mwaka 2018. Waliwaomba Wamarekani wakadirie vyama vikuu viwili vina watu wa aina gani. Kwa wastani walikadiria asilimia 38 ya Warepublican wana kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka. Ukweli ulikuwa kama asilimia 2. Walikadiria asilimia 32 ya Wademocrat ni wapenzi wa jinsia moja au wa jinsia zote mbili. Ukweli ulikuwa kama asilimia 6.

Itazame hiyo 38. Chama hicho kina makumi ya mamilioni ya wafuasi. Kama zaidi ya theluthi yao wangekuwa na kipato hicho, Missouri vijijini ingejaa majumba ya kifahari, na hakuna mtu ambaye angehangaika kupigania dola 15 kwa saa. Anayetoa kadirio hilo kwa kawaida hajaishi mbali na Warepublican. Pengine fundi wake wa gari ni mmoja wao. Lakini ukisema "Republican" hamkumbuki fundi. Anamwona mzee mwenye fimbo za gofu aliyemwona kwenye runinga. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba waliofuatilia siasa kwa bidii ndio waliokosea zaidi. Mwaka 2019 shirika la More in Common lilikuta jambo linalofanana na hilo: kila upande uliamini kwamba zaidi ya nusu ya wapinzani wake wana misimamo mikali, ilhali waliokuwa nayo walikaribia asilimia 30. Na kwa Wademocrat, kadiri elimu ilivyopanda ndivyo walivyozidi kukosea kuhusu Warepublican. Kwa Warepublican elimu haikuleta tofauti hiyo.

Tunaosoma habari za Marekani kwa Kiswahili tuna sababu ya kulitafakari hilo. Tunachokijua kuhusu nchi ile kimepikwa sehemu kubwa New York na Washington, na watu walewale wenye shahada nyingi, kisha kikatafsiriwa. Mhafidhina tunayekutana naye huwa ameshachorwa na asiyempenda. Ajabu ni kwamba ukimchukua Mkristo wa kiinjili wa Missouri ukamkalisha na mlokole wa Mbeya au Kisumu, kuhusu ndoa, mimba na malezi watakubaliana kabla chai haijapoa. Bado wengi wetu tunasikiliza siasa za Marekani tukiwa upande wa Wademocrat, na mwaka 2008 Kenya ilitangaza sikukuu ya kitaifa Obama aliposhinda.

Chukua pia PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI duniani. Aliyeuanzisha ni George W. Bush, Mrepublican na mlokole, aliyetia saini sheria yake Mei 2003: dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Msukumo ulitoka kwa sehemu kubwa makanisani. Seneta Jesse Helms wa North Carolina, Mrepublican, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpinzani mkali wa matumizi ya fedha za serikali kwa ajili ya UKIMWI, mwaka 2002 alibadilika hadharani na kuomba dola milioni 500 za kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Watu wanaokunywa dawa za kufubaza VVU leo kwenye zahanati zetu wanahusika moja kwa moja na dhamiri za wahafidhina ambao hawatawaona kamwe.

Najua jibu litakalofuata, nalo lina nguvu. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa. Wahudumu wa afya huku kwetu walipoteza ajira, huduma zikayumba. Dhamiri ya Helms haikuzuia hilo. Ni kweli kwamba Julai hiyohiyo maseneta wa Republican walilazimisha punguzo la dola milioni 400 la PEPFAR liondolewe kwenye muswada wa chama chao wenyewe, jambo ambalo vyombo vingi vililipa mistari miwili. Lakini aliyekosa dawa Februari hakufarijika na kilichotokea Julai.

Hapo ndipo wanaosema mgawanyiko ni halisi wanapotubana. Wanasema: hata kama mpiga kura ana roho safi, anachagua watu gani? Rudi Missouri. Likizo ya ugonjwa ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2025. Mwezi huohuo bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuifuta, na Julai gavana Mike Kehoe akautia saini. Kura za karibu asilimia 58 zikatupwa na watu waliochaguliwa siku ileile, kwa sehemu na mikono ileile. Medicaid nayo: wabunge walikataa kuitengea fedha mwaka 2021 hadi mahakama ya juu ya jimbo ikaingilia. Na Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoondoa ulinzi wa kitaifa wa utoaji mimba, Missouri ilipiga marufuku siku hiyohiyo. Mwanamke wa St. Louis aliyeogopa matokeo ya uchaguzi hakuogopa kivuli. Kuna pia suala la uchaguzi wa 2020: tafiti nyingi zilionyesha Warepublican sita hadi saba katika kila kumi wakiamini Joe Biden hakushinda kihalali. Hiyo ni imani ya wengi, haikubandikwa na mtu.

Sina jibu la kuifuta hoja hiyo, wala haifutiki. Ninachosema ni kwamba inatuhamisha kutoka kwa mpiga kura kwenda kwa mashine inayomwakilisha. Sehemu kubwa ya viti vya bunge Marekani huamuliwa kwenye mchujo wa chama, ambako hujitokeza watu wachache, na hao wachache ndio wakali. Mbunge wa Republican haogopi mtu wa likizo ya ugonjwa. Anamwogopa mwanachama wa mchujo. Liz Cheney, mbunge wa Republican, alimpinga Trump baada ya wafuasi wake kuvamia bunge Januari 6, 2021, na Agosti 2022 kwenye mchujo wa Wyoming akapata asilimia 29. Wenzake walielewa somo. Kwa Wademocrat wanachama wakali pia wapo, ila kwenye mchujo wa urais wa mwaka 2020 waliookoa chama ni watu ambao picha ya mliberali huwasahau kabisa: waumini Weusi wa South Carolina, wengi wao watu wa makamo wenye misimamo ya wastani, waliomchagua Biden tarehe 29 Februari baada ya mbunge Jim Clyburn kumuunga mkono. Mhubiri anayedhani Democratic ni chama cha wasioamini Mungu angekaa nao ibada moja tu.

Ramani za rangi mbili, nyekundu na bluu, zinaficha mambo mengi. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata Texas. Biden alipata zaidi ya milioni 5 Texas. Starr, kaunti ya Texas iliyo mpakani na Mexico na yenye karibu watu wote wa asili ya Kihispania, ilimpa Clinton karibu asilimia 80 mwaka 2016, kisha mwaka 2024 ikamchagua Mrepublican kwa mara ya kwanza tangu karne ya 19. Hakuna kabila la kisiasa linalohama hivyo ndani ya miaka minane. Wapiga kura ndio huhama.

Missouri itapiga kura tena kuhusu utoaji mimba Novemba 2026, kwa uamuzi wa bunge lake. Safari hii swali limefungashwa: kurudisha marufuku kwa misamaha michache, na ndani ya pendekezo hilohilo, kuzuia matibabu ya kubadili jinsia kwa watoto, matibabu ambayo yana wapinzani wengi zaidi jimboni humo. Waliolipachika hilo la pili wanawajua wapiga kura wao kuliko wachambuzi wengi wanavyowajua. Wanajua kwamba swali la mimba, likisimama peke yake mbele ya watu waliomchagua Trump, lilishawashinda.