Salamanda wa Texas na visima vya Makutupora

Mkazi wa Dodoma akiambiwa kuwa huko Texas, Marekani, mnyama mdogo asiyeona amewahi kuwawekea wakulima kikomo cha maji, huenda akacheka. Lakini jiji linaloishi kwa visima virefu vya Makutupora lina sababu ya kulifuatilia shauri hilo.

Salamanda ana umbo la mjusi ingawa ni jamaa ya chura, na Afrika kusini mwa Sahara hayupo kabisa. Ukoo wake mkubwa kuliko zote una spishi zinazokaribia 500, nyingi zikijificha chini ya majani yaliyooza msituni, hazina mapafu, na kwa kuwa hupumua kwa ngozi haziwezi kustahimili ukavu. Huyu wa Texas, wa ukoo huohuo, huishi ndani ya maji gizani, katika mwamba wa chokaa wa Edwards unaohifadhi maji chini ya ardhi. Alijulikana mwaka 1895, alipotoka na maji ya kisima kilichochimbwa San Marcos.

Mwamba huo ndio unaonywesha jiji la San Antonio. Mwaka 1991 wahifadhi walifungua kesi wakidai kwamba uvutaji holela wa maji unakausha chemchemi za salamanda na viumbe wenzake, na mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kuunda mamlaka ya kudhibiti uvutaji. Wakulima hawakuwa wachoyo tu: kwa vizazi sheria iliwaruhusu kuvuta chochote kilicho chini ya shamba lao, na mwaka 2012 Mahakama Kuu Kabisa ya Texas ilikubali kuwa maji hayo ni mali yao. Hata hivyo, maji hayajui mpaka wa shamba, na pampu ya mmoja hushusha kisima cha jirani.

Udhaifu ninaouona katika shauri hilo ni kumfanya mnyama kuwa hoja kuu, kwani mjadala uligeuka kuwa wa watu dhidi ya salamanda. Sisi hatuna mnyama huyo, ila tuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayodai kibali cha kutumia maji, na Makutupora hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya 1997/98. Kibali chenye kiwango kilekile kila mwaka hakiendani na hali hiyo. San Antonio, kiwango cha maji katika kisima kimoja cha uangalizi kikishuka chini ya alama iliyowekwa, wenye vibali hupunguza uvutaji.